Hoteli Kongwe za Tokyo: Namna ya Kuutambua Ubora

Anayekwenda Tokyo kutafuta hoteli kongwe kwa kupapasa kuta atapotea njia. Jiji hili liliangushwa na tetemeko la ardhi la Septemba 1, 1923, likateketezwa kwa mabomu mwaka 1945, na tangu hapo wenyewe hawajachoka kubomoa na kujenga upya. Imperial Hotel ilifunguliwa mwaka 1890, lakini jengo kuu linalopokea wageni leo ni la 1970. Okura ilianza 1962, ila majengo yake ya sasa ni ya 2019. Kati ya hoteli tatu ninazozizungumzia hapa, ni Tokyo Station Hotel tu, iliyoanza 1915, inayokaa ndani ya matofali yake ya asili, na hata jengo hilo lilipoteza ghorofa ya juu vitani.

Ndiyo maana mpenzi wa hoteli hizi hupima zaidi kazi iliyorithishwa. Akishaingia hujiuliza: ni kipi hapa ambacho wa leo wamekipokea kwa waliowatangulia, na je, bado wanakifanya kwa uangalifu uleule? Zifuatazo ni sehemu za kuzitazama.

Vilivyookolewa

Jengo mashuhuri zaidi la Imperial lilichorwa na Mmarekani Frank Lloyd Wright, na lilifunguliwa rasmi siku ileile ya tetemeko la 1923. Lilisimama, ingawa halikunusurika bila madhara. Wright alilipamba kwa jiwe la Oya, jiwe la volkano kutoka mkoa wa Tochigi, ambalo ni laini kulichonga na kwa sababu hiyohiyo huliwa haraka na hewa na mvua. Jengo lilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1960, sehemu yake ya mbele ilihamishiwa Meiji-mura, makumbusho ya majengo karibu na Nagoya. Hotelini vilibaki vipande vichache, na mahali pa kuviona ni Old Imperial Bar. Agiza kinywaji kiitwacho Mount Fuji, ambacho hoteli hii inakitengeneza tangu 1924, kisha utazame ukuta kwa utulivu. Jiwe la Oya la kweli lina vitundu na madoa ya kahawia, na hakuna vipande viwili vinavyofanana. Ukuta wa mawe ya namna hii ukiwa laini kote na rangi moja, ujue ni wa kiwandani.

Okura inatupa mtihani mgumu zaidi, kwa kuwa ukumbi wake ni nakala. Ule wa kwanza, kazi ya Yoshiro Taniguchi, ulifungwa mwaka 2015 huku wapenda usanifu wa nchi nyingi wakilalamika. Aliyeujenga upya ni mwanawe, Yoshio Taniguchi. Taa zinaning'inia kama mikufu ya shanga za kale, na meza za duara zimezungukwa na viti vitano vitano, hivi kwamba ukizitazama kutoka juu unaona maua ya mplamu. Panda ghorofani uyaone. Kisha subiri mgeni mmoja ainuke aondoke, utazame kama kiti chake kitarudishwa mahali pake na baada ya muda gani. Mimi naihesabu nakala hii kuwa kazi halali, kwa sababu ili kuirudisha ilibidi mafundi wa leo wafume, wachonge na wapake laka kama walivyofanya wa zamani. Nakala inayowalazimu vijana kujifunza ufundi wa wazee wao ina thamani kuliko ukuta wa kale unaoachwa upukutike.

Tokyo Station Hotel imo ndani ya stesheni iliyosanifiwa na Tatsuno Kingo na kufunguliwa 1914. Mabomu ya 1945 yaliondoa makuba yake mawili, na ilichukua hadi 2012 kuyarudisha. Katikati ya ukarabati, tsunami ya Machi 2011 ilisomba vigae vya mawe vilivyokuwa vikitayarishwa mkoani Miyagi kwa ajili ya paa. Vingi viliokotwa, vikaoshwa, vikaezekwa. Ukipata chumba kinachotazama ndani ya kuba, utaona tai na wanyama wa kalenda ya kale waliofinyangwa kwenye plasta, na chini yao abiria wakipita.

Mlangoni

Huduma nzuri ya Kijapani haina papara. Mhudumu hutembea haraka bila kukimbia, huongea kwa sauti ya chini, na jina lako likishatajwa mapokezi hutalazimika kulirudia. Mabawabu wa Imperial wanajulikana kwa kuweka noti ndogo mfukoni, ili mgeni anayeshuka kwenye teksi na noti kubwa asikwame. Hiki ndicho kipimo: je, shida yako ilifikiriwa kabla hujaisema? Wakati wa kuagana wahudumu huinama, na katika hoteli nzuri hawainuki mpaka gari limetoweka, hata kama hakuna aliyegeuka kuwatazama.

Usitoe bakshishi. Si desturi, na huwatia watu katika hali ngumu. Ada ya huduma, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15, tayari imo kwenye bili pamoja na kodi.

Chumbani

Puuza kwanza mandhari ya dirishani, hata yakiwa ya bustani ya Hibiya, jirani na Imperial. Funga mlango usikilize: unapaswa kujifunga taratibu, na sauti za kwenye korido zikatike. Pitisha kidole juu ya fremu ya picha na nyuma ya pazia. Tazama viungo vya marumaru kando ya bafu, mahali ukungu unapoanzia katika jengo lolote lenye umri. Vuta kona ya shuka: iwe imekunjwa na kubanwa imara, isichomoke kwa mvuto mmoja. Samani za zamani zisikutishe. Droo ya miaka mingi inayoteleza bila kukwama inathibitisha kwamba kuna fundi anayeitunza, ilhali samani mpya zinathibitisha tu kwamba fedha zilipatikana.

Kwa dobi

Ukiruhusiwa jaribio moja tu, peleka shati jeupe la pamba. Imperial ilianzisha udobi wake wa ndani mwaka 1911, na sifa yake imefika hadi kwenye sinema za Marekani. Vifungo vinavyoweza kuharibika hung'olewa kabla ya kufua na kushonwa tena baadaye. Shati likirudi, usianze na kifua, kwani kifua kila dobi hukipiga pasi vizuri. Tazama chini ya kola, mshono wa bega, na kitambaa kati ya vifungo. Hapo ndipo fundi hujulikana.

Hoteli hiyohiyo ina desturi ya kuhifadhi takataka za chumba siku moja zaidi baada ya mgeni kuondoka, asije akawa ametupa karatasi ya maana kwa bahati mbaya. Mgeni hatajua kamwe, isipokuwa siku atakayopiga simu akiwa amefadhaika.

Mezani

Hoteli za namna hii zilisaidia kuwazoesha Wajapani mapishi ya Ulaya, nao wakayafanya yao. Mwaka 1936 Imperial ilimpikia mwimbaji Mrusi Feodor Chaliapin, aliyekuwa akiumwa na jino, nyama ya ng'ombe iliyolainishwa kwa vitunguu, na mpaka leo stiki hiyo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1958 ikafungua mkahawa wa kujipakulia, wa kwanza nchini humo.

Hata hivyo, jikoni hupimwa asubuhi. Agiza kifungua kinywa cha Kijapani. Wali uwe unang'aa, punje zimeshikana bila kupondeka. Samaki awe amechomwa sasa hivi, ngozi kavu na nyama yenye maji. Supu ya miso ifike ikiwa inatoa mvuke. Ukipenda vya Kizungu, agiza kimanda: kwa nje kiwe cha manjano safi bila doa la kahawia, na ndani laini.

Kabla ya kulipa

Bei ya usiku mmoja ni kubwa, na kuna wageni ambao watafurahia zaidi nyumba ndogo ya wageni ya Kyoto. Kwa asiyetaka kulala, kikombe cha kahawa ukumbini au kinywaji kimoja kwenye baa kinatosha kufanya nusu ya vipimo hivi. Anayetaka kulala na ana usiku mmoja tu, ninamshauri aende Imperial, tena asichelewe. Jengo la 1970 limepangiwa kubomolewa kuanzia mwaka 2031 ili lijengwe jingine, litakalokamilika 2036. Likikamilika, usimwamini atakayekuambia kwamba ukale umekwisha, wala atakayekuambia kwamba umehifadhiwa. Peleka shati lako kwa dobi, uagize kifungua kinywa, kisha utoe hukumu yako mwenyewe.