Paul Robeson na Wimbo Usio Wake

Mwimbaji wa michezo ya jukwaani aghalabu huhesabiwa kuwa chombo tu. Maneno ni ya mtunzi, muziki ni wa mtunzi mwingine, mavazi ni ya mshonaji. Yeye huazimwa vyote hivyo kwa jioni moja, kisha huvirudisha. Ndiyo maana wahakiki huandika mengi juu ya watunzi na machache juu ya waimbaji, na hayo machache huwa ni sifa za koo na umbo. Maisha ya Paul Robeson yanaipinga desturi hiyo. Sehemu kubwa ya kazi yake yaweza kusomwa katika wimbo mmoja ambao hakuutunga, akauimba kwa zaidi ya miaka 30, na mwisho wake haukuwa tena ule aliopewa.

Robeson alizaliwa Princeton, katika jimbo la New Jersey, Marekani, tarehe 9 Aprili, 1898. Baba yake alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka angali kijana, na baadaye akawa mchungaji wa kanisa. Mwana alisoma Rutgers, akasifika kwa mpira na kwa usemaji, kisha akahitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1923. Sheria aliiacha upesi. Alikuwa amekwisha kuonja jukwaa mwaka 1922, alipoimba kwa muda mfupi katika Shuffle Along, mchezo wa nyimbo uliotungwa na kuchezwa na Wamarekani Weusi. Na Aprili 1925, yeye na mpiga piano Lawrence Brown waliimba mjini New York jioni nzima nyimbo za Wamarekani Weusi peke yake, jambo ambalo kumbi za heshima hazikulizoea.

Show Boat, mchezo uliomletea wimbo huo, ulianza New York Desemba 1927. Muziki ulikuwa wa Jerome Kern na maneno ya Oscar Hammerstein, nao waliitoa hadithi yake katika riwaya ya Edna Ferber ya mwaka 1926. Habari zake ni za meli ya michezo ipitayo katika miji ya kando ya mto Mississippi. Joe, mchukuzi Mweusi wa gatini, alikusudiwa Robeson tangu mwanzo, lakini wa kwanza kuimba nafasi hiyo alikuwa Jules Bledsoe. Robeson aliingia London, katika Theatre Royal ya Drury Lane, Mei 1928. Akairudia New York mwaka 1932, na katika filamu ya mwaka 1936.

Kwa kweli Joe ni nafasi ndogo. Watu weupe wa mchezo huoa, huachana, hufilisika, huzeeka na kupata sifa kwa muda wa miaka 40. Joe amesimama pale pale penye mizigo. Mkewe humlaumu kwa uvivu, na katika filamu waliongezewa wimbo wa kuchekesha juu ya uvivu huo huo, kana kwamba lawama ya kwanza haikutosha. Lakini amepewa Ol' Man River, na wimbo huo ndio uti wa mgongo wa mchezo wote.

Ujenzi wake unastahili kutazamwa polepole. Joe anautazama mto uendao zake bila kujali, na watu wanaotoa jasho ukingoni. Sauti huanzia chini, mahali ambapo waimbaji wengi hawafiki ila kwa shida, kisha hupanda daraja baada ya daraja hata ikafika kileleni mwishoni. Maneno ya Hammerstein hayapandi pamoja nayo. Pale sauti inapokusanya nguvu zake za mwisho, ndipo msemaji anapokiri uchovu wa maisha na hofu ya mauti. Hapo ndipo penye ufundi wa mtunzi: kifua kimejaa ilhali moyo umeinama, na msikilizaji husikia nguvu za mtu na kushindwa kwake kwa mara moja.

Robeson aliyabadili maneno hayo hatua kwa hatua. Kwanza liliondoka neno la matusi kwa watu Weusi lililofungua wimbo. Katika filamu pahali pake palikuwa na neno jingine, hafifu kwa ukali lakini la dharau vile vile, na katika maonyesho yake ya baadaye hata hilo halikubaki. Kisha, katika mkutano wa kuwasaidia Wahispania uliofanyika Royal Albert Hall, London, Desemba 1937, uchovu na hofu ya kifungu cha mwisho viligeuka kuwa ahadi ya kupigana hata kufa. Badiliko hilo ndilo linalotajwa na wengi. Hata hivyo lililo kali zaidi ni dogo kuliko hilo: Hammerstein alisema kwamba mchukuzi akilewa kidogo hutiwa gerezani, kwa Robeson, aingiaye gerezani ni yule aonyeshaye ushujaa kidogo. Kisa cha kifungo kimehama kutoka katika tabia ya mfungwa na kuingia katika tabia ya mfungaji.

Walakini hasara ipo, wala haifai kufichwa. Maneno mapya yanakwenda sambamba na muziki, na kwa hiyo ule mvutano wa kifua na moyo umetoweka. Zaidi ya hayo, Joe aliyeapa kupigana hawezi kusimama gatini miaka 40. Mchezo ungevunjika mikononi mwake. Hammerstein naye hakukubali. Mwaka 1949 alisema hadharani kwamba hana nia ya kuyabadili maneno yake wala kumruhusu mwingine ayabadili, na kwamba Robeson atunge nyimbo zake mwenyewe. Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili watamwelewa. Tungo za Muyaka bin Haji zilihifadhiwa vinywani mwa watu kabla ya kuandikwa, na kila aliyezighani alijua kwamba anabeba amana ya mtu.

Lakini amana hudai pia kwamba mbebaji asidhalilishwe nayo, na jambo hilo Robeson alilijifunza kwa uchungu. Miaka ya 1930 alikaa London, akasoma lugha za Kiafrika katika Chuo cha Lugha za Mashariki, Kiswahili kikiwa miongoni mwake. Akiwa na shauku hiyo alikubali kuigiza katika filamu ya Sanders of the River, iliyotolewa mwaka 1935, ambamo Jomo Kenyatta naye alionekana katika nafasi ndogo. Ilipokamilika ilikuwa sifa tupu kwa utawala wa Kiingereza, na baadaye Robeson aliikana. Filamu hukatwa na kuunganishwa mwigizaji akiwa hayupo. Wimbo hauimbwi bila mwimbaji.

Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimnyima pasipoti, naye hakuipata tena hadi mwaka 1958. Mei 1952 aliwaimbia Wakanada akiwa amesimama upande wa Marekani wa mpaka; mwaka 1957 sauti yake ilipelekwa Uingereza kwa waya wa simu. Katika miaka hiyo neno lile dogo juu ya ushujaa na gereza lilisikika kama taarifa.

Kuna doa moja. Mwaka 1949 aliimba Moscow wimbo wa Wayahudi wa Warsaw, akawataja mbele ya hadhira rafiki zake Solomon Mikhoels, aliyekuwa amekwisha kuuawa, na Itzik Feffer, aliyekuwa kifungoni na akapigwa risasi mwaka 1952. Aliporudi kwao alikana kwamba Wayahudi waliteswa huko. Mtu asiyevumilia neno moja la uongo katika wimbo alivumilia kubwa kuliko hilo nje yake.

Novemba 1960 aliwaimbia wajenzi wa jumba la opera la Sydney, juu ya majukwaa yao ya kazi, kabla jumba halijapata paa. Alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari, 1976. Neno la kwanza la wimbo, hata jukwaani, limekwisha kuondolewa. Uchovu na hofu za Hammerstein zingali zinaimbwa na kila Joe mpya, na maneno ya Robeson yamebaki katika sahani zake za santuri. Mwanafunzi atakayeuhakiki wimbo huu hana budi kuweka matini zote mbili mezani.