Desturi Haiingii Chupani

Ndugu msomaji, ukipanda kutoka mjini Moshi kwenda Marangu au Materuni, utamkuta mtalii akinyweshwa mbege katika kibuyu, huku anaambiwa kwamba huu ndio utamaduni wa Wachaga. Neno hilo limekwisha toka kwa watalii na kuingia katika biashara. Pombe iliyokuwa ikipikwa uani inatafutiwa chupa, kibandiko na mnunuzi wa mbali; huko Arusha mvinyo wa ndizi unatiwa chupani tangu miaka ya 1990. Ukimuuliza anayeanza kazi hiyo, hujibu: huu si ulevi, ni utamaduni. Jibu hili ndilo tunalotaka kulipima, maana hata baadhi ya vijana wetu wamelipenda.

Kwanza tuseme haki. Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara aya ya 219, haikukana kwamba ulevi una manufaa kwa watu. Imesema madhara yake ni makubwa zaidi. Wako kina mama wa mlimani waliowalipia watoto ada kwa mbege, na si adabu kuwacheka.

Lakini tazama jinsi mbege inavyopikwa. Ndizi mbivu humenywa na kuchemshwa saa nyingi mpaka zigeuke nyekundu, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi huloweshwa ukaota, ukaanikwa ukawa kimea, ukasagwa na kupikwa uji. Viwili hivi huchanganywa, na gome la msesewe hutiwa kuleta uchungu. Ikisha kuwa tayari haingoji: siku moja au mbili, nayo imeharibika.

Usipite hapa upesi, msomaji. Kule kuharibika ndiko kulikokuwa kizuizi chake. Kwa kuwa haikuwekeka, ilipikwa kwa jambo maalumu, posa au suluhu au tambiko, ikanywewa na watu wanaojuana, wazee wakiwapo. Sisi hatulikubali tambiko, wala kata ile hatuipokei. Hata hivyo ni kweli kwamba kinywaji kile kilikuwa na siku yake na watu wake. Chupa huviondoa vyote viwili. Pombe hupashwa moto ili isiendelee kuchachuka, hufungwa kizibo, hupelekwa Tanga au Dar es Salaam, na huko hununuliwa na mtu aliye peke yake, asiyeujua msesewe wala asiyemjua mpishi. Kilichosafiri ni ulevi. Desturi imebaki Kilimanjaro. Sasa huo utamaduni unaotajwa kwenye kibandiko uko wapi? Mchaga anayeomba msamaha hupeleka jani la sale, na jani hilo halimlevyi mtu.

Wala sisi wa pwani tusijitie usafi. Mnazi wetu una mgema wake, na ile methali ya mgema asifiwaye akalitia tembo maji tunaisema mbele ya watoto bila kufikiri imetoka wapi.

Suala lililotufika zaidi, hata hivyo, si la kunywa, kwani hilo limekatwa katika Suratul Maida aya ya 90. Ni la kuuza. Mtume (s.a.w.) amewalaani watu kumi kwa ajili ya ulevi, si mnywaji peke yake: yumo mkamuaji, yumo mchukuzi, yumo muuzaji na anayekula thamani yake. Na wanazuoni wa Kishafii, ambao ndio tunaowafuata pwani, wamesema kumuuzia zabibu mtu unayejua kuwa atazikamua mvinyo ni haramu, na ikiwa ni shaka tu ni makuruhu. Weka ndizi mahali pa zabibu. Anayeuza mkungu sokoni Mbuyuni kwa mpita njia asiyemjua hana lawama. Lakini yule aliyepatana na mpishi ampelekee mikungu kila Jumatatu, na yule aliyemkodisha chumba cha uani aweke mapipa, wote wawili wanajua. Anayesema, "Mimi nauza ndizi tu," au, "Mimi napokea kodi tu," ajiulize kama angesema hivyo laiti mpangaji angekuwa anaficha mali ya wizi.

Zikikatwa mbichi, ndizi hizo hizo zinatafutwa na wapika mtori, hata ikiwa watatoa bei pungufu kuliko mwenye mapipa.