Boi: neno fupi, mzigo mkubwa

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo katika mji wetu hata asiyejua Kiingereza analijua: boi. Anayepika na kufua kwa watu ni boi. Anayemsaidia dereva wa lori ni boi-shofere. Vile vijumba nyuma ya nyumba kubwa za wakati wa Wabelgiji ni boyeri. Lisichanganywe na Boyoma, jina la maporomoko yetu 7. Hilo si la Kiingereza.

Wengine wanalitetea: « Si tusi hata kidogo, kwa Kiingereza ni mtoto mwanaume tu. » Siye tunakataa, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni asili yake. Katika Kiingereza cha zama za kati, toka karne ya 13, « boy » alikuwa kwanza mtumishi, mtu wa chini. Maana ya mtoto mwanaume ilienea baadaye. Kuna wataalamu wanaolitoa katika neno la Kifaransa cha kale la mtu aliyefungwa minyororo, wengine wanabisha. Lakini utumishi umo ndani toka mwanzo.

Ya pili ni njia lililopita. Waingereza waliwaita hivyo watumishi watu wazima, India na Afrika pia. Kwenye mto wetu Kiingereza kilifika mapema: Stanley aliweka kituo hapa mwaka 1883, kisha misioneri Wabaptisti wakakaa Yakusu. Wabelgiji walisema Kifaransa, lakini neno hilo walilichukua vilevile. Muzee mwenye wajukuu akaitwa boi. Ndiyo kazi ya neno: linamnyima mtu ukubwa wake. Tarehe 30 Juni 1960 Lumumba, aliyewahi kuwa karani wa posta hapa Stanleyville, alikumbusha kwamba mtu mweusi aliambiwa « tu », na si kwa urafiki. Boi na hiyo « tu » ni mapacha.

Mji ulibadilisha jina mwaka 1966, boi akabaki. Leo ni siye kwa siye: papa wa watoto watano anaitwa boi na mtoto wa shule, naye anaitika. Desturi yetu inasema nini? Anayekupita umri ni papa ao yaya. Kazi nayo ina majina: mpishi, mfuaji, mlinzi.

Kweli, jina zuri halijazi sufuria. Lakini tuangalie vizuri: anayeitwa mtoto, analipwaka kama mtoto.