Uzoefu Unaanzia Wapi: Kijana wa Uriri na Kazi ya Kuongoza Watalii

Matangazo ya kazi ya kambi za Maasai Mara yanayotoka kabla ya nyumbu kuvuka yanafanana. Sharti la kwanza ni uzoefu, la pili ni cheti, la tatu aghalabu ni leseni ya udereva. Kijana wa Kanyamkago, huko Uriri katika Kaunti ya Migori, aliyemaliza kidato cha nne, ambaye kazi za msimu anazozijua ni kukata miwa ya kiwanda cha Sony pale Awendo na kuvuna tumbaku, akifika kwenye sharti la kwanza huweka simu chini. Uzoefu ataupata wapi ikiwa kila mwenye kazi anautaka mwanzo? Ni swali la haki, na wapo waliolijibu kwa vitendo, tena si mbali na Uriri. Ukipita Ogwedhi umeshaingia Kaunti ya Narok, na ni huko Narok, katika ranchi ya kikundi ya Koiyaki inayopakana na hifadhi, shule ya waongoza watalii ilifunguliwa mwaka 2005.

Inafaa kuelewa shule ile ilikuja kutibu nini. Kwa miaka mingi kijana Mmaasai aliyezaliwa kando ya hifadhi alipata kazi ya kulinda geti, kubeba mizigo au kucheza ngoma jioni mbele ya moto. Aliyekaa kwenye gari akieleza habari za simba mara nyingi alitoka Nairobi. Walikuwepo wachache waliovuka, kama Jackson Looseyia, ambaye baadaye ulimwengu ulimwona katika kipindi cha Big Cat Live cha BBC. Yeye alilelewa kikazi na Ron Beaton, mwenye kambi ya Rekero, aliyemchukua akiwa hana cheti wala historia ya kazi hii. Lakini njia ya mtu mmoja kumshika mkono mtu mmoja haiwezi kubeba kijiji kizima. Beaton na viongozi wa jamii ya Koiyaki waliigeuza njia hiyo ikawa shule, kwa mafunzo ya mwaka mmoja.

Shule hiyo ilifaulu kwa sababu ya mpangilio wake, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka tulitazame kwa makini. Wanafunzi walijifunza wanyama, ndege, mimea, historia na namna ya kuzungumza na wageni, kisha wakapelekwa kambini kwa mafunzo ya kazi. Kambi haikuombwa kumwajiri mtu isiyemjua. Iliombwa kumkaribisha kwa muda. Meneja akamwona akiamka kabla ya alfajiri, akamsikia akimjibu mgeni aliyechoka, akajua kama anapasua kuni bila kuambiwa. Msimu ulipofika, mwenye kambi hakuwa tena akichagua kati ya karatasi, alikuwa akichagua kati ya watu aliowaona. Neno uzoefu lililoandikwa kwenye tangazo maana yake hasa ni hiyo: nani amekuona ukifanya kazi?

Jambo la pili ni mtihani. Chama cha Waongoza Safari wa Kitaalamu nchini Kenya, KPSGA, kilichoanzishwa mwaka 1996, hupima waongozaji kwa ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Ili kufanya mtihani wa fedha lazima uwe umekaa na shaba kwa muda, na dhahabu wanayo wachache sana nchini. Shaba ndiyo mlango wa anayeanza. Inauliza unajua nini: mamalia, ndege, wanyama watambaao, jiografia, historia, makabila, uhifadhi. Kwa hiyo mtu anaweza kusomea Uriri, jioni baada ya shamba, akafika kwenye chumba cha mtihani akiwa sawa na aliyesomea Nairobi. Kwa upande wa ndege, programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell hupatikana bure kwenye simu na ina ndege wa Kenya pamoja na sauti zao. Aliyekaa miezi sita na programu hiyo kando ya Mto Kuja atawajua ndege ambao mtu wa mjini anawajua kwa picha tu.

Jambo la tatu halizungumzwi sana, nalo ndilo litakalomvunja moyo kijana wa Uriri asipoambiwa mapema. Kandokando ya Mara, ardhi nyingi ya hifadhi za jamii ni ya familia za Wamaasai wanaoikodisha kwa kambi. Naboisho, iliyoundwa mwaka 2010 katika eneo hilo la Koiyaki, ilijengwa juu ya mikataba na mamia ya wenye mashamba. Kodi ni sehemu ya mapatano. Ajira kwa watoto wa wenye ardhi ni sehemu nyingine. Kambi inapomwajiri kijana wa pale kabla ya mtu wa nje, inatimiza ahadi iliyoifanya ipate mahali pa kupiga hema. Mimi sioni ubaya wowote hapo. Lakini anayetoka Kanyamkago akipeleka barua kambi hadi kambi mwezi Julai, akitumaini kwamba bidii peke yake itatosha, anagonga mlango ambao tangu mwanzo ulitengenezewa watu wengine.

Njia ya wazi kwa mtu wa nje huko Mara ni usukani. Makampuni ya Nairobi na Kisumu yanayopeleka wageni kwa magari yao hutafuta madereva wanaoongoza watalii, na kwao leseni ya kubeba abiria, mkono mwepesi wa kubadilisha gurudumu kwenye matope na cheti cha shaba vina uzito kuliko mahali ulikozaliwa. Aliyeendesha matatu ya Migori hadi Kisii kwa miaka kadhaa bila ajali tayari ana nusu ya kazi hiyo mkononi, na mara nyingi hajui kwamba anayo.

Kwa asiyeendesha gari, ushauri wangu ni aanze nyumbani, na nyumbani kwenyewe ni pazuri kuliko tunavyokiri. Kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori iko Thimlich Ohinga, maboma ya mawe ambayo yaelekea yalijengwa karne ya 16. Serikali iliyatangaza kuwa kumbukumbu ya kitaifa mwaka 1981, na mwaka 2018, katika mkutano wa Manama, Bahrain, UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia. Ni eneo la saba la Kenya kupata heshima hiyo, sawa na Lamu na Fort Jesus. Upande wa Homa Bay iko Mbuga ya Ruma katika Bonde la Lambwe, kilomita za mraba 120, makao ya mwisho ya korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, hapa Kenya. Visiwani kuna Rusinga, alikozikwa Tom Mboya na ambako mwaka 1948 Mary Leakey aligundua fuvu la Proconsul, na Mfangano yenye michoro ya kale kwenye miamba. Wageni wa maeneo haya si wengi kama wa Mara. Lakini hata wanaoshindania kazi ya kuwaongoza si wengi.

Tuchukue boma la Kochieng, lililo kubwa kuliko yote pale Thimlich, tuone mwongozaji hufanya nini hasa. Anayeanza hukimbilia kutaja karne, idadi ya maboma na mwaka wa UNESCO, na kabla ya dakika kumi wanafunzi wa darasa la sita wanatazama mijusi. Anayeijua kazi huanzia nje, hasemi tarehe yoyote. Anawaambia watafute kati ya mawe mahali popote palipotiwa udongo au saruji. Watatafuta wakipapasa ukuta unaozidi mita nne kwa kimo mahali pengine, na hawatapaona, kwa sababu hakuna. Hapo ndipo anapoeleza: uso wa nje ulijengwa peke yake, uso wa ndani peke yake, katikati pakajazwa mawe madogo, na kila jiwe likakaguliwa kabla ya kulazwa ili libane lenzake. Kisha anawapitisha mlangoni. Mlango ni mfupi, na juu yake yamelazwa mawe marefu, hivyo kila mtu mzima lazima ainame. Anamwacha mwalimu ainame kwanza, kisha anauliza: kama wewe ni adui na umeingia hivi, kichwa mbele, mgongo umepinda, aliyesimama ndani na rungu atakufanya nini? Hakuna mtoto atakayesahau. Mwishoni anawaonyesha vishimo vya bao vilivyochongwa kwenye mwamba, na kusema kwamba watu walioishi kwa hofu ya mashambulizi walipata pia saa za kucheza.

Nimeeleza hatua hizi kwa urefu kwa sababu zinaweza kufanyiwa mazoezi, na asiye na uzoefu anaweza kuzimudu kabla hajalipwa hata shilingi. Namna ya kuanza ni ya kawaida kabisa. Thimlich iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, Ruma iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mtu huenda kwa msimamizi wa eneo akiwa na barua ya chifu, anaomba kujitolea katika siku zenye wageni wengi, anaanza kwa kuandamana na mwongozaji wa pale bila kufungua mdomo. Baadaye anapewa kundi dogo. Walimu wanaoleta wanafunzi ni mashahidi wazuri: mwalimu mkuu wa shule ya Awendo au Rongo akiandika mistari mitano kwamba fulani aliwaongoza watoto wake vizuri, barua hiyo ni uzoefu uliothibitishwa, nayo inaweza kusomwa Kisumu, Nairobi au Mara.

Kalenda nayo inataka kupangwa upya. Wengi wanajua msimu mmoja tu, ule wa nyumbu, Julai hadi Oktoba. Narok wenyewe wanauonyesha kwa bei: tangu 2024 mgeni asiye mkazi analipa dola 100 kwa siku kati ya Januari na Juni, na dola 200 kati ya Julai na Desemba. Kwetu misimu haifuati nyumbu. Kuna ndege mdogo, mbayuwayu wa buluu, ambaye hutoka kusini mwa Afrika na kukaa katika nyasi za Ruma kuanzia Aprili hadi Septemba. Wapenda ndege husafiri mbali kumtafuta, na huanza kuja wakati kambi nyingi za Mara zimefunga kwa ajili ya mvua za masika. Ziara za shule hufuata mihula. Desemba Rusinga ina tamasha lake la utamaduni, na wenyeji wa Nyanza wanaoishi mijini hurudi nyumbani na watoto ambao hawajawahi kuiona Ruma. Anayezifuata zote anaweza kupata kazi sehemu kubwa ya mwaka. Anayengoja nyumbu hukaa bure miezi minane.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Kuongoza watalii kwa malipo kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa kwa Sheria ya Utalii ya 2011, na kufanya kazi bila leseni ni kosa. Pamoja nayo huhitajika cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, kinachoombwa kupitia eCitizen. Cheti cha huduma ya kwanza kipatikane mapema, kwa kuwa hakuna mwenye kambi anayetaka kujifunza siku ya ajali kwamba mtu wake hajui kufunga jeraha. Na yeyote anayedai pesa za usajili ili akupe kazi ya Mara, hasa kwa ujumbe wa simu, usimtumie hata senti. Mwajiri wa kweli hukuita umwonyeshe unachojua.

Anayelenga Mara hata hivyo, baada ya kujinoa nyumbani, azingatie wakati. Julai kambi zimeshajaa wafanyakazi. Kupanga hufanyika mvua zikiendelea, Aprili na Mei, mahema yanaposhonwa upya na magari yakiwa gereji. Huo ndio wakati wa kupeleka barua ya mwalimu mkuu, cheti cha shaba na ombi la mafunzo ya kazi ya wiki chache, hata kama mwanzoni ni ya jikoni au bustanini. Meneja ana muda wa kuzungumza, na wakati huo nafasi iliyoachwa na mtu wa mwaka jana bado iko wazi.

Linalonisikitisha ni kwamba kila kijana wa Migori na Homa Bay anaifunga safari hii peke yake. Shule ya Koiyaki ilionyesha kwamba inawezekana; kinachohitajika ni mwalimu mwenye ngazi ya fedha, madarasa mawili, gari moja lenye nguvu, na makubaliano ya maandishi na wenye kambi kwamba watawapokea wanafunzi. Kaunti zetu mbili zina mbuga, maboma, visiwa na vyuo vya kiufundi vyenye madarasa yanayobaki matupu wakati wa likizo. Mafunzo ya pamoja ya miezi sita, wanafunzi wakigawanywa kati ya Thimlich, Ruma na Mfangano kwa mazoezi kisha wote wakaingia mtihani wa shaba siku moja, yanaweza kuwekwa katika bajeti ya kaunti ya mwaka ujao. Wawakilishi wa wadi za Kanyamkago, Nyatike na Lambwe waulizwe hivyo wanapokuja kuomba maoni ya wananchi kuhusu bajeti, na waulizwe kwa maandishi.