Padre wa Kayanga Masomoni Roma
Padre wa Jimbo Katoliki la Kayanga, lililoundwa mwaka 2008 na linalohudumia Karagwe na Kyerwa, Kihanga ikiwamo, anapotumwa kusoma Roma katika Chuo Kikuu cha Kipapa cha Urbaniana, kilichoanzishwa mwaka 1627, hulazimika kwanza kujifunza Kiitaliano, ambacho ndicho hutumika katika mihadhara. Likizo nayo, ambayo wengi huidhani mapumziko, aghalabu huitumia parokiani akiungamisha watu kwa lugha ambayo bado inamkwaza. Hata matembezi yake ni kazi: katika katakombe za Mtakatifu Kalisto, yaani makaburi ya chini ya ardhi ya Wakristo wa kale, hutazama kwa makini ili awaeleze waumini wa Kihanga, ambao wengi wao hawatafika huko, na ambao kwa kipindi chote hicho wamekubali kupungukiwa na padre mmoja.