Kumenya Tairi

Njia yangu ya kwenda shule ilipita mbele ya kibanda cha mzee aliyekuwa akitengeneza makatambuga. Sisi watoto hatukusimama pale kutazama viatu. Tulisimama kutazama alivyomenya tairi. Alikibana kipande cha tairi la lori katikati ya magoti, akachovya kisu kwenye kopo la maji, akakipenyeza baina ya tabaka moja na jingine, kisha akalivuta ganda kwa koleo huku kisu kikifuata nyuma kidogo kidogo. Kisu kikavu hunatana na mpira, kikilowa hupita. Mkono ukiteleza tu, kisu kinazama kwenye nyuzi na soli haifai tena. Wakati huo mzee hazungumzi. Ukimwamkia "Shikamoo, babu," marahaba yake huja baada ya ganda kuachia.

Sikutegemea kuiona tena kazi ile, tena kwenye theluji. Lakini ndiyo niliyoikuta kwenye video za mafundi wa Urusi, mafundi wa uani, wanaojiundia magari ya kupita kwenye vinamasi na kuogelea mitoni. Wao humenya tairi zima: tairi la trekta au la lori la jeshi, lenye kimo cha kumfikia mtu kifuani. Huchana mstari wa kwanza kwa kisu, wakaunasa ukingo wa ganda kwa kulabu na kuifunga kulabu kwenye winchi. Mmoja anavuta, mwenzake anakata pale pale ganda linapoachana na mwili wa tairi, na maji yanadondokea kisu muda wote. Meno yanatoka kwanza, kisha tabaka la nyuzi, kisha jingine. Kazi hii huchukua siku, na kisu kikitoboa dakika ya mwisho, jasho la siku zote hizo limekwenda bure. Wakimaliza, kitu kilichokuwa kigumu kama ukuta kinabonyea ukikisukuma kwa kiganja. Babu wa makatambuga alilitaka ganda, lile gumu la kukanyagia. Hawa wanalitupa ganda na kubaki na ulaini uliokuwa umefichwa chini yake.

Ulaini huo ndio gari lenyewe. Mengine yote ni nyongeza.

Dereva yeyote aliyewahi kunasa anaijua nusu ya siri hii. Nilipata kupanda lori la mpunga kutoka Ifakara wakati wa masika. Tulipofika kwenye udongo mweusi, magurudumu yakaanza kuzunguka pale pale, lori halisogei. Dereva akashuka, akatazama, wala hakuomba jembe. "Kijana, punguza upepo," akamwambia tandiboi. "Kiasi gani, mzee?" "Mpaka lionekane limechoka." Tandiboi akachuchumaa na njiti kwenye valvu, tairi moja baada ya jingine. Matairi yakakaa chini, yakatanuka, na lori likatoka polepole kama linaloamka usingizini.

Tairi huikandamiza ardhi kwa nguvu inayokaribiana na upepo uliomo ndani yake. Gari dogo la mjini hujazwa psi 30 hivi. Magari haya ninayoyasifu huweza kutembea na psi moja na nusu. Chukua gari la kilo 1,300 lenye magurudumu 4, kila moja na upana wa sentimita 60. Kila gurudumu linabeba kilo 325. Tairi likilegea mpaka likalala juu ya ardhi kwa urefu wa sentimita 54, basi kila sentimita moja ya mraba inabebeshwa gramu 100 tu. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja, unyayo wake unakandamiza zaidi ya mara 3 ya hapo. Ndiyo kusema dereva anaweza kupita salama mahali ambapo akishuka, anazama.

Siri hii ina historia. Miaka ya 1930, Mmarekani William Albee alikuwa Alaska, na huko aliwaona wenyeji wa pwani wakipandisha mashua nzito ufukweni kwa kuibiringisha juu ya ngozi za sili zilizojazwa upepo. Kwetu mashua hupandishwa juu ya magogo, na mchanga ukiwa laini magogo huzama. Ngozi zile zilibonyea na mashua ikapita. Albee hakuisahau picha ile. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akiwa California, aliunda mifuko ya mpira minene kama mapipa, akaiweka mahali pa magurudumu, na gari akaliita Rolligon. Ili kuthibitisha upole wake, watu walilala chini likapita juu yao, wakainuka wazima. Jina la Albee limeandikwa, na anastahili. Mimi heshima ya kwanza ninawapa wale wenye ngozi za sili.

Urusi ilikwenda kwa njia yake. Kule kaskazini na Siberia barabara nyingi ni za msimu: zipo baridi inapogandisha mito na vinamasi, hazipo barafu inapoyeyuka. Majira ya matope yana jina lake kabisa, rasputitsa. Mvuvi anayetoboa barafu ziwani kutafuta samaki anajua kwamba mwisho wa baridi barafu inaweza kumbeba asubuhi na kumsaliti alasiri. Kwa hiyo tangu enzi za Kisovieti watu walijiundia cha kuwabeba juu ya barafu, juu ya matope, na juu ya maji ikilazimu: injini ya pikipiki ya Izh au Ural, difu ya Lada, tyubu za trekta zilizofungwa kwa mikanda kwenye rimu walizochomelea wenyewe. Jarida la Modelist-Konstruktor lilichapisha michoro ya magari ya namna hii, na hivyo fundi wa kijiji kimoja akajifunza kwa fundi ambaye hakuwahi kumwona. Gari hilo huitwa karakat, jina linalofanana na neno la Kirusi la ngisi. Ukiliona likitoka majini na miguu yake iliyovimba, jina hulihoji. Hakuna mawili yanayofanana, maana kila moja limeundwa kutokana na chakavu kilichopatikana na kinamasi kilichopo.

Ufundi huo wa uani umefika mbali kuliko mashine nyingi za makampuni makubwa. Mwaka 2009 Vasily Yelagin na wenzake walifika Ncha ya Kaskazini kwa magari waliyoyaunda wenyewe wakayaita Yemelya, jina la kijana wa ngano ya Kirusi aliyesafiri akiwa ameketi juu ya jiko lake. Mwaka 2013 waliondoka tena Urusi, wakapita Nchani, wakatokea Kanada. Barafu ya baharini haikai kimya: hupasuka na kuacha mifereji ya maji, hugongana na kujikunja ikawa matuta. Walipita juu ya hayo yote wakibebwa na upepo kidogo ndani ya mpira laini.

Aleksei Garagashyan wa Saint Petersburg ndiye aliyeipeleka kazi hii kiwandani bila kuiua roho yake. Gari lake, Sherp, katika muundo wake wa awali ni fupi na limesimama wima kama sanduku juu ya matairi yenye kimo cha mita 1.6. Injini ni ya dizeli, nguvu za farasi 44, pungufu ya gari dogo la kwendea sokoni. Mwendo haupiti kilomita 45 kwa saa nchi kavu, na 6 majini. Halina usukani bali fimbo mbili: ukivuta ya kulia, magurudumu ya kulia yanazuiwa na gari linageukia huko. Nguvu hufika magurudumuni kwa minyororo. Springi hakuna, shokapu hakuna.

Kinachonirudisha kwenye gari hili kila mara ni namna linavyougawa upepo. Matairi yote 4 yameunganishwa kwa mabomba. Gurudumu moja likikwea gogo, linabonyea, na upepo wake unahamia kwa mengine matatu. Likishuka, upepo unarudi. Gogo linapita chini, dereva hatikisiki sana. Na upepo wenyewe hautoki kwenye pampu: moshi wa injini, ambao kwa magari mengine ni wa kutupwa, ndio unaojaza matairi. Nimekaa na michoro ya mpango huo jioni nzima, nikifuata bomba kwa kidole.

Majini hesabu ni ya wazi. Kila tairi limemeza karibu mita moja ya ujazo ya upepo, na maji ya ujazo huo yana uzito wa tani moja. Matairi yanatosha kuliinua gari hata kabla ya kuhesabu bodi, na meno yake ndiyo makasia. Kazi ngumu ni kutoka. Gari linafika kwenye ukingo wa barafu, tairi linaugusa, linajikunja kuufuata kama shavu lililoegemea mto wa kulalia, meno yanashika, na mwili mzima unainuka huku maji yakimwagika pande zote.

Huko Sudan Kusini, ambako mafuriko ya Nile yameyafunika malisho na vijiji vya Jonglei mwaka baada ya mwaka, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limeyatumia magari ya Sherp kufikisha chakula mahali ambapo lori haliingii na ambapo awali magunia yalidondoshwa kwa ndege. Kutoka barafu ya Siberia mpaka matope ya Nile, ulaini ni ule ule.

Sherp moja ni ghali, kwa hiyo visu vya uani havijawekwa chini. Na kuna ardhi inayovihitaji. Tundra ya kaskazini imevaa vazi jembamba la kuvumwani na nyasi fupi, na chini ya vazi hilo udongo umeganda miaka nenda miaka rudi. Gari linalotembelea minyororo kama kifaru likipita wakati wa kiangazi hulichana vazi. Jua linaufikia udongo, udongo unayeyuka, na alama ya gari inageuka mtaro unaoonekana kwa miongo. Ardhi ile nayo ina ganda, ila ganda lake halimenywi. Tairi lililomenywa hulipita bila kulichana. Nyasi zinalala, na fundi kabla hajazima injini, nyuma yake zimeshaanza kuinuka.