Ngeli Katika Kifurushi: Uhakiki wa Kiswahili cha Programu za Kompyuta

1. Utangulizi

Mnamo Mei 2024, wakati wa ziara ya Rais wa Kenya nchini Marekani, kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga huko Olkaria, karibu na Naivasha, kituo kikubwa cha data kitakachoendeshwa kwa umeme wa mvuke wa ardhini. Tangazo hilo liliahidi pia utafiti wa mifumo ya akili bandia kwa Kiswahili na Kiingereza. Palipozungumzwa habari hiyo, dola na megawati ndizo zilizotangulia. Sisi tulio katika idara za lugha hatuna budi kuuliza jambo jingine. Kiswahili kimekwishaingizwa katika kompyuta zaidi ya mara moja. Je, kiliingizwa kwa namna gani, na mbona mwenye kukijua bado huitumia mashine yake kwa Kiingereza?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ubora wa istilahi, ambao ndio uliotushughulisha zaidi, ni nusu tu ya jawabu. Nusu ya pili imo katika jinsi programu inavyofungashwa na kusambazwa.

2. Istilahi

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux. Ilikuwa programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili, iliyoandaliwa kwa ajili ya Linux na Windows. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza kwamba ingezitolea Windows na Office sura ya Kiswahili.

Mjadala uliofuata ulihusu maneno: ni kompyuta au tarakilishi? Ni kipanya au puku? Kwa maoni yetu, maneno mengi yaliyokwisha kuzoeleka katika uwanja huu yanastahili sifa. “Hifadhi”, “hariri” na “futa” hayahitaji maelezo. “Pakia” na “pakua” ni vitenzi vya jahazi na shehena, na hicho cha pili ni cha chungu na sahani pia. Aliyepata kuona mzigo ukiteremshwa bandarini ameuelewa mwendo wa data bila mwalimu. “Sakinisha” ni zuri zaidi, maana hubeba wazo la kumpa mtu makao. Basi upungufu haukuwa wa msamiati.

3. Mahali pa lugha katika kifurushi

Programu moja haiwezi kupelekwa kwa watu wote katika kifurushi kimoja. Windows hutaka faili la namna ya .msi au .exe, Mac hutaka .dmg, Debian na jamaa zake hutaka .deb, na Fedora hutaka .rpm. Kila anayefungasha huamua lugha ikae wapi, na uamuzi huo una uzito wa kisera hata kama aliyeufanya ni fundi tu.

Tunaona nafasi tatu. Ya kwanza ni juu: Kiswahili cha Windows XP kilikuwa vazi lililovishwa juu ya Kiingereza, na pale pasipokuwa na tafsiri Kiingereza kilichungulia. Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, vazi lile nalo lilibaki bila mwenyewe, na kila mfumo mpya ulihitaji vazi jipya. Ya pili ni kando: LibreOffice, iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice.org, huwapa watumiaji wa Mac lugha katika kifurushi cha pekee, ambacho hupakuliwa baada ya programu yenyewe. Ya tatu ni ndani: programu hiyo hiyo, ikifungashwa kwa ajili ya Windows, hubeba lugha zake zote pamoja.

Tofauti hii si ndogo. Lugha iliyo kando humfikia yule tu aliyekwisha kujua kwamba ipo, na ambaye hakuchoka kuitafuta. Mwanafunzi wa Gilgil anayewashiwa kompyuta ya shule hataitafuta, wala hatajua kwamba amekosa kitu.

4. Ngeli

Zaidi ya hayo, umbo la kifurushi huingia hata katika sarufi. Maneno ya programu hutolewa na kuwekwa katika orodha, na mfasiri hupewa sentensi zenye mapengo yatakayojazwa na mashine baadaye. Gettext, zana inayotumiwa na programu huria nyingi, humwuliza mfasiri swali la idadi: ni kimoja au ni vingi? Haimwulizi swali la ngeli. Kwa Kiingereza kitenzi kimoja huwatosha wote waliofutwa. Kwa Kiswahili faili zimefutwa, vitabu vimefutwa, majedwali yamefutwa, na watumiaji wamefutwa. Mfasiri asiyejua pengo litajazwa na nini hulazimika kubahatisha, au kukimbilia kitenzi-jina: “Kufuta kumekamilika: 3.” Sarufi imesalimika, lakini hiyo ni lugha ya mhuri wa posta. Msomaji huihisi ugeni wake, akasema Kiswahili hakiwezi, ilhali aliyeshindwa ni mtengenezaji wa pengo.

Dawa ipo. Fluent, iliyobuniwa na Mozilla, humruhusu mfasiri kuliambatishia neno sifa za kisarufi, na kuchagua umbo la sentensi kwa kuzifuata. Lakini lazima awepo mtu wa kuandika kwamba jedwali ni la LI-YA na kitabu ni cha KI-VI. Kazi hiyo ni ya nani, kama si yetu?

5. Hitimisho

Huenda ikasemwa kwamba mambo haya yanapitwa na wakati, kwa kuwa programu nyingi sasa huendeshwa kutoka vituo vya mbali kama hicho cha Olkaria. Kwa kweli sentensi yenye pengo ni ile ile, iwe imetoka katika diski ya mezani au katika kituo cha mbali.

Olkaria yenyewe ina funzo. Kisima cha kwanza kilichimbwa huko katika miaka ya 1950, lakini umeme ulianza kutoka mwaka 1981. Mitambo mitatu ya mwanzo, ya megawati 15 kila mmoja, ilikamilika mwaka 1985. Tangu hapo mvuke wa visima vya kale umekuwa ukipungua, na visima vya kujazia vimelazimika kuchimbwa. Hakuna aliyedhani kwamba kuchimba mara moja kunatosha. Tafsiri ya programu tumeifanya kana kwamba inatosha: mradi hufunguliwa, toleo husifiwa, kisha matoleo mapya huja na sentensi mpya ambazo hazina mfasiri.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba idara zetu zichukue ulezi wa kudumu wa tafsiri za programu huria, na kwamba kazi hiyo ihesabiwe kuwa utafiti wakati wa kupandishana vyeo. Bila hivyo, ahadi ya Olkaria itatimizwa au isitimizwe, Kiswahili kitaendelea kuwekwa kando ya kifurushi.